Namna ya Kumkinga Kijana na Makasha ya Pata Potea Ndani ya Gemu

Mtoto wa miaka 13 akiingia katika duka la kubeti, liwe la Dodoma au la Nakuru, mwenye duka anatakiwa kisheria kumtoa nje, kwa kuwa Tanzania na Kenya zote zimeweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa kushiriki michezo ya kubahatisha. Mtoto huyo huyo akiketi sebuleni na simu ya mama yake, anaweza kulipia kasha asilojua lina nini ndani, akalitazama likifunguka kwa mwanga na muziki, akakosa alichokuwa akikitamani, akalipia la pili na la tatu, na asitokee mtu wa kumuuliza ana miaka mingapi. Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi au ndugu mkubwa aliyeachiwa watoto, ambaye pengine hajawahi kucheza gemu hata moja, lakini ndiye mwenye simu na ndiye mwenye pesa. Si lazima awe mtaalamu wa kompyuta. Anachohitaji ni kujua pesa hupitia wapi, kuzifunga njia hizo moja baada ya nyingine, na kumwonyesha kijana hesabu ambayo gemu huificha kurasa tatu ndani ya maandishi madogo.

Tenganisha kwanza ununuzi wa kawaida na pata potea

Si kila shilingi inayotumika ndani ya gemu ni kamari, na mzazi anayezichanganya hizi mbili hupoteza sikio la kijana mapema. Anayenunua jezi ya mchezaji wake kwa bei iliyoandikwa, akiiona jezi yenyewe kabla ya kulipa, amefanya manunuzi kama manunuzi mengine. Unaweza kuona ni upuuzi kulipia nguo isiyovalika, lakini huo ni ugomvi wa ladha kati ya vizazi viwili. Jambo hubadilika pale mtu anapolipa kwanza na kujua baadaye alichopata, na alichopata kimeamuliwa kwa kura inayopigwa na kompyuta.

Katika gemu za mpira kitu hicho huja kama pakiti ya wachezaji. Katika Counter-Strike ni kasha linalofunguliwa kwa ufunguo wa kununua. Katika Free Fire kuna magurudumu na kura zinazolipiwa kwa almasi. Na katika Genshin Impact mchezaji hulipia nafasi za kujaribu kumpata mhusika anayemtaka. Majina ni mengi na hubadilika kila msimu, kwa hiyo usihangaike kuyakariri. Muulize kijana swali moja tu: kabla hujalipa, unaonyeshwa kitu utakachopewa? Akijibu hapana, au akaanza kueleza kwa kirefu kwamba "inategemea", mko ndani ya pata potea.

Jinsi kasha linavyomnasa mchezaji

Sehemu hii ndiyo wazazi wengi huiruka, wakaenda moja kwa moja kwenye mipangilio ya simu, kisha wakashangaa kwa nini kijana mwenye akili darasani amemaliza pesa zake zote za likizo kwa usiku mmoja. Hakuwa mjinga. Alikutana na kitu kilichotengenezwa kwa ustadi mkubwa.

Tabaka la kwanza ni sarafu ya bandia. Gemu haimuuzii mtoto kasha kwa shilingi. Humuuzia almasi, koini au pointi, na kasha ndilo linalonunuliwa kwa hizo. Pesa ikishageuzwa hivyo, uzito wake hupotea machoni: mtu anayejua kabisa kwamba shilingi 5,000 ni nauli ya siku mbili hajui tena pointi 300 ni nini. Zaidi ya hayo, vifurushi vya sarafu mara nyingi havilingani na bei za makasha, hivyo kila baada ya kununua hubaki kiasi kisichotosha kitu chochote, na mabaki hayo ndiyo sababu ya kununua kifurushi kingine. Mwezi Machi 2025, mamlaka za kulinda walaji za Umoja wa Ulaya zilitoa misingi inayotaka bei za vitu vya ndani ya gemu zionyeshwe pia kwa pesa halisi, na mchezaji asilazimishwe kununua sarafu zaidi ya anazohitaji. Kwetu, kazi hiyo ya kugeuza bado ni ya mzazi mwenyewe, na kikokotoo cha simu kinatosha.

Tabaka la pili ni zawadi isiyotabirika. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha kwa majaribio ya wanyama, miongo mingi kabla ya simu janja, kwamba mnyama anayepata chakula baada ya idadi isiyojulikana ya kubonyeza hubonyeza kwa bidii na huchelewa sana kuacha hata chakula kinapokatika. Dubwi la sloti lililowekwa kwenye kona ya baa hutumia kanuni hiyo hiyo, na kasha la gemu pia. Kama kila kasha lingetoa takataka, kijana angeacha siku ya pili. Kinachomshika ni lile moja lililotoa kitu kizuri mwezi uliopita, ambalo bado ana picha yake kwenye simu.

Kisha kuna kukosa kidogo. Katika Counter-Strike, kasha likifunguliwa, vitu hupita mbele ya macho kwa kasi, vinapungua mwendo, picha ya dhahabu ya kitu adimu, kama kisu cha thamani, inapita taratibu chini ya alama, halafu msururu unasimama hatua moja mbele yake, alama ikiwa juu ya bunduki ya kawaida isiyo na soko. Moyo unasema nilikuwa karibu. Ukweli ni kwamba hapakuwa na ukaribu wowote: matokeo hayategemei mwendo wa picha ile, na picha ni maonyesho tu. Wale wanaochezesha karata tatu pembeni mwa stendi wanaijua kazi hii vizuri. Mteja hatakiwi kuondoka akijiona ameshindwa, anatakiwa aondoke akijiona amekosea kidogo.

Tabaka la mwisho ni haraka na ahadi. Ofa huandikiwa saa zilizobaki, na saa hizo zinahesabiwa kurudi nyuma mbele ya mtoto. Ahadi ni ya kijanja zaidi. Genshin Impact hutangaza kwamba uwezekano wa msingi wa kumpata mhusika wa nyota tano ni asilimia 0.6 kwa kila jaribio, lakini ukifikisha majaribio 90 bila kumpata utapewa mmoja kwa hakika, ingawa huenda asiwe yule uliyemkusudia. Kipengele hicho kinasikika kama huruma kwa mchezaji. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba aliyefika jaribio la 70 haoni tena njia ya kuacha, kwa kuwa kuacha kunaonekana ni kuyatupa yote 70.

Wenzetu wameliamua vipi

Mzazi anayesema pakiti za mpira zinafanana na kamari hujibiwa na watoto kwamba amepitwa na wakati, kwa hiyo si vibaya kujua kwamba serikali kadhaa zimefika hapo kabla yake. Japani ilipiga marufuku aina moja ya kura hizi mwaka 2012, ile iliyomtaka mchezaji akusanye seti nzima ya vitu vya kubahatisha ili apewe zawadi kubwa. Uchina, kuanzia Mei 2017, ilizitaka kampuni zitangaze uwezekano wa kupata kila kitu. Aprili 2018, tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba makasha ya kulipia katika gemu za FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive yanavunja sheria ya kamari ya nchi hiyo, na kampuni ya EA, watengenezaji wa gemu hiyo ya FIFA, ikaacha kuuza pointi za FIFA huko mapema mwaka 2019. Marekani, mnamo Januari 2025, Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilifikia makubaliano na wamiliki wa Genshin Impact walipe dola milioni 20 na wasiwauzie makasha hayo walio chini ya miaka 16 bila ridhaa ya mzazi.

Si wote waliokubaliana. Uholanzi iliitoza EA faini ya euro milioni 10, lakini mahakama ya juu ya masuala ya utawala ikaifuta Machi 2022 kwa hoja kwamba pakiti ni sehemu ya mchezo mpana wa ustadi, wala si mchezo wa kubahatisha unaojitegemea. Serikali ya Uingereza nayo, Julai 2022, iliamua kutobadilisha sheria yake ya kamari na kuwaachia wenye kampuni wajirekebishe. Binafsi naona hoja ya Uholanzi ina akili ya kisheria lakini haimsaidii mwenye mtoto wa miaka 12, kwa sababu mtoto hafungui pakiti akiwaza sheria.

Utafiti nao usomwe kwa uangalifu. Uchunguzi wa David Zendle na Paul Cairns uliochapishwa mwaka 2018 uliwakuta wachezaji wanaotumia pesa nyingi zaidi kwenye makasha wakiwa pia na dalili kubwa zaidi za tatizo la kamari, na tafiti nyingine za baadaye zimekuta uhusiano wa namna hiyo. Uhusiano huo hausemi kipi kimeleta kipi: huenda kasha humfundisha mtu kamari, huenda mwenye mwelekeo wa kamari huvutwa na kasha. Kwa mzazi, majibu yote mawili yanaelekea kwenye tahadhari moja, kwani ama mtoto anafundishwa au mtoto ambaye tayari yumo hatarini anachumwa.

Kaa na kijana, fungua gemu yenyewe

Kabla ya kufunga chochote, mwombe kijana akuonyeshe gemu anayoipenda, na umpe nusu saa ya kweli bila kumhutubia. Atafurahi kuliko unavyodhani. Akishamaliza kuonyesha ufundi wake, mwombe akupeleke dukani mwa gemu, kisha mtafute kwa pamoja ukurasa wa uwezekano. Apple ilianza Desemba 2017 kuzitaka gemu zinazouza makasha katika duka lake zitangaze uwezekano huo kabla ya ununuzi, na Google ikafuata mwaka 2019, kwa hiyo mara nyingi ukurasa huo upo, umejificha nyuma ya alama ya swali au herufi ndogo kwenye kona. Kule kuutafuta tu ni somo: kitufe cha kulipia huonekana kwa mbali, ukurasa wa uwezekano unahitaji kuwindwa.

Tazama pia lebo ya umri, lakini usiitegemee peke yake. FIFA 23 ilipewa na mfumo wa Ulaya wa PEGI alama ya umri wa miaka 3 na kuendelea, kwa kuwa hakuna damu wala matusi katika mpira, ilhali ndani yake kulikuwa na pakiti za kulipia. Tangu mwaka 2020, PEGI na ESRB ya Marekani huongeza maandishi yanayosema kwamba gemu ina ununuzi wa ndani unaohusisha vitu vya kubahatisha. Maandishi hayo ndiyo ya kuyatafuta. Namba ya umri haikuambii habari ya pesa.

Funga njia za pesa, na uanze na ile usiyoifikiria

Wazazi wengi huanza na kadi ya benki. Nyumba nyingi za kwetu, kadi siyo mlango mkuu. Mlango mkuu ni namba ya siri ya pesa za simu, ambayo mtoto anaijua kwa sababu sisi wenyewe tulimpa: alitumwa alipie umeme, alitumwa amtumie mjomba, alimsomea bibi ujumbe kwa kuwa miwani ilikuwa mbali. Anza hapo. Badilisha namba ya siri leo, usiweke mwaka wa kuzaliwa wa yeyote nyumbani, na kama mtoto atahitajika kukusaidia, mkabidhi simu atengeneze muamala hadi mwisho kisha namba ya siri uiweke wewe. Bibi naye abadilishiwe. Namba yake ndiyo inayojulikana na wajukuu wote, na yeye ndiye mtu wa mwisho kusoma salio.

Baada ya hapo nenda kwenye duka la programu. Kwa simu za Android, fungua Play Store, gusa picha ya akaunti juu upande wa kulia, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya uthibitishaji wa ununuzi, na uchague utakiwe kuthibitisha kila unaponunua. Kama simu hufunguliwa kwa alama ya kidole na mtoto ameandikishwa kidole chake, uthibitishaji huo hauna maana, kwa hiyo futa kidole chake au tumia nenosiri. Mtoto mwenye simu yake mwenyewe afunguliwe akaunti ya mtoto kupitia Family Link, programu ya Google ya usimamizi wa mzazi, ambamo kila ununuzi unaopitia malipo ya Google huletwa kwenye simu ya mzazi ukisubiri ruhusa. Kwa iPhone, ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya muda wa matumizi ya skrini, washa vizuizi vya maudhui na faragha, na ukataze ununuzi wa ndani ya programu. Nenosiri la sehemu hiyo lisifanane na lile la kufungulia simu. Wenye PlayStation wanaweza kumwekea mtoto akaunti ya familia yenye kikomo cha matumizi ya mwezi, na kikomo hicho kinaweza kuwa sifuri.

Angalia pia kadi za mtandaoni zinazounganishwa na pesa za simu, kama ile ya M-Pesa GlobalPay iliyoanza Kenya mwaka 2022. Ni huduma nzuri, lakini namba zake zikishahifadhiwa ndani ya akaunti ya gemu, salio lote la simu limekuwa mkoba wa gemu. Ondoa namba hizo kwenye kila akaunti ambako huna haja nazo.

Sasa tufike kwa wakala, kwa sababu hapa ndipo kufuli zote nilizotaja zinapopitwa pembeni. Kijana asiye na kadi wala akaunti yenye pesa hutafuta mtu wa kumjazia almasi: mwenye kibanda cha gemu, kaka wa mtaa wa pili, au namba iliyotangazwa kwenye kundi la WhatsApp. Humpa namba yake ya uchezaji, humtumia pesa kwa simu au humpa noti mkononi, na dakika chache baadaye almasi zimeingia. Google haioni kitu, Family Link haiulizi kitu. Wapo mawakala waaminifu, na wapo wanaoomba nenosiri la akaunti "ili kazi iwe haraka" kisha akaunti ikahama mikono. Tangazo lolote la almasi za bure lichukuliwe kuwa ni chambo cha kuiba nenosiri.

Njia pekee ya kuuona mlango huu ni taarifa ya miamala. Kwa M-Pesa unaweza kuanzia *150*00# Tanzania au *334# Kenya, au utumie programu ya simu. Unapoisoma, usitafute kiasi kikubwa. Tafuta kiasi kidogo kinachorudiwa kwa namba moja kwa muda mfupi: shilingi 2,000 saa 3:14 usiku, 2,000 nyingine saa 3:21, kisha 5,000 saa 3:40, halafu kimya. Hiyo ndiyo sura ya mtu anayefuatilia kasha, kwani anayenunua kitu anachokijua hulipa mara moja. Tofauti hii, nionavyo mimi, inakuambia mengi kuliko jumla ya pesa yenyewe.

Hesabu ya maharage

Makatazo hudumu hadi kijana apate simu yake na mshahara wake. Ndiyo maana nusu ya kazi ni hesabu, tena hesabu ya mikononi. Chukua maharage 150, matatu uyapake wino mwekundu, na uyaweke yote kwenye mfuko usioonyesha ndani. Idadi hiyo si ya kubuni tu. Masanduku ya wachezaji 150 ambamo watatu ndio wanaotafutwa yamekuwa jambo la kawaida katika gemu ya mpira ya eFootball. Andika kwenye karatasi bei ya kuchomoa mara moja kwa pesa halisi, mliyoipata wenyewe kwa kugawa bei ya kifurushi cha koini. Kisha mpe kijana achomoe moja moja, bila kurudisha, na kila akichomoa aandike bei chini ya iliyotangulia.

Baada ya kuchomoa mara 10, kwa hesabu ya kawaida, watu 81 hivi kati ya 100 watakuwa hawajaona harage jekundu hata moja. Acha aendelee. Usiseme neno. Mara nyingi mazungumzo hujitokeza yenyewe:

"Mama, hili begi umelichezea."
"Yahesabu basi, mwanangu."
Akiyahesabu na kuyakuta yote yamo, mekundu yamo, amejifunza kitu ambacho hotuba isingemfundisha: kwamba kura iliyo safi kabisa inaweza kukuacha mkono mtupu, na bado mwenye mfuko amechukua pesa yako kila mara.

Kwa kijana wa kidato cha tatu na kuendelea, panda ngazi. Mwambie kuna kitu chenye uwezekano wa asilimia 1 kwa kila kasha, kisha umuulize makasha 100 yanampa uhakika gani. Wengi husema asilimia 100. Mwambie azidishe 0.99 kwa 0.99 mara 100 kwa kikokotoo: jibu ni karibu 0.37, yaani kati ya watu 100 watakaofungua makasha 100 kila mmoja, 37 hivi watatoka bila kitu. Halafu mpe ya Counter-Strike. Kwa uwezekano uliotangazwa na kampuni inayoendesha gemu hiyo Uchina, kisu na vitu vya daraja lake hutoka kwa asilimia 0.26 hivi, na ufunguo huuzwa dola 2.49. Moja kugawa kwa 0.0026 ni kama 385, mara 2.49 ni dola 958 hivi kwa wastani, na mwenye bahati mbaya hulipa zaidi. Kuna kijana atakayejibu kwamba vitu vya Counter-Strike huuzika kwa pesa. Ni kweli, na ndiyo hatari nyingine: biashara hiyo ilizaa tovuti za kuchezea kamari kwa kutumia skini, yaani mapambo ya silaha za ndani ya gemu, badala ya pesa, hata kampuni ya Valve, wenye Counter-Strike, ikaziandikia baadhi yake mwezi Julai 2016 ikizitaka ziache.

Wekeni makubaliano

Kupiga marufuku kabisa kunawezekana kwa mtoto wa miaka 8, na ningependekeza hivyo. Kwa wa miaka 15 marufuku humsukuma kwa wakala. Afadhali kiwango kidogo cha mwezi, kinachojulikana kwa shilingi na si kwa almasi, kinachotumika kwa vitu vinavyoonekana kabla ya kulipwa, na kisichoongezwa kikiisha hata kama "ofa inaisha leo". Kiwango hicho kitolewe siku ileile kila mwezi. Kila ununuzi usubiri usiku mmoja. Kijana akiamka bado anaitaka ile jezi, ainunue kwa amani.

Zawadi za sikukuu nazo ziingie kwenye makubaliano. Shangazi aliye Muscat au Minneapolis akiuliza mtoto anataka nini, mtoto atasema vocha ya gemu, na shangazi ataituma kwa upendo bila kujua. Mwambie mapema.

Na watu wazima wa nyumba hiyo wajitazame. Baba anayeweka mkeka wa kubeti kila Jumamosi mbele ya watoto, akishangilia ukitiki na kulaumu refa ukichanika, atapata shida kueleza tofauti kati ya mkeka wake na pakiti ya mwanawe. Umri ni tofauti ya kweli, lakini mtoto haioni.

Ikiwa pesa zimeshatumika

Ukigundua leo, chukua hatua leo. Ununuzi uliopitia Google Play huombewa marejesho kwa Google ndani ya saa 48. Muda huo ukipita, mara nyingi utaelekezwa kwa watengenezaji wa gemu. Apple hupokea maombi kupitia reportaproblem.apple.com. Eleza wazi kwamba aliyenunua ni mtoto na kwamba hukuidhinisha, weka tarehe na kiasi cha kila muamala, na usifute gemu kabla ya kupiga picha za historia ya ununuzi. Pesa iliyokwenda kwa wakala kwa simu ni ngumu zaidi kurudi, kwa sababu alitoa alichouza.

Ongea na kijana baada ya kutuma maombi, hasira ikiwa imeshuka. Uliza alianza lini, na kama kuna anayemdai. Usichukue simu papo hapo na kuivunja mbele ya wadogo zake. Aliyeficha mara moja kwa hofu ataficha vizuri zaidi mara ya pili. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni mwenendo: anakopa ili arudishe alichopoteza, anauza vitu vyake, anadanganya kuhusu ada au nauli, analala alfajiri, anakasirika kupita kiasi akizuiwa. Hali kama hiyo ikiendelea, tafuta mshauri wa shuleni au mhudumu wa afya ya akili. Shirika la Afya Duniani limeyaorodhesha matatizo ya kamari na ya uchezaji wa gemu kuwa magonjwa yanayotambuliwa, katika orodha yake iliyoanza kutumika Januari 2022. Namba 116 ya huduma kwa watoto hupigwa bure Tanzania na Kenya, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Deni lililopo kwa wakala au kwa wanafunzi wenzake lisiachwe mikononi mwa mtoto. Nenda mwenyewe, mkafanye hesabu na anayedai mbele ya kijana, ulipe kilicho halali, na umwambie mwenye kibanda, ukimtaja mtoto wako kwa jina, kwamba kuanzia siku hiyo hatajaziwa almasi kwa mkopo, na kwamba akija na pesa taslimu upigiwe simu kwanza. Mwachie namba yako. Wengi wao wanaishi mtaa huo huo na hawapendi ugomvi na wazazi wa wateja wao.